Niliaga naenda kutibiwa Kampala, kumbe naenda Mafia kuogelea na papa potwe

Wakuu, nawasalimu kutoka Bunia, Ituri, mashariki ya Congo.

Humu mimi ni msomaji zaidi ya mwandishi. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani, na huku nyumbani kila mtu ana upande wake kwenye hili jambo. Sitaongeza chumvi. Ilivyokuwa ndivyo nitakavyoiweka, hata pale panaponiaibisha, na ni pengi.

Kiswahili changu kimechanganyika. Wa Dar mtanivumilia.

Kwanza mnijue. Nina miaka thelathini na tisa, sijaoa (hilo tuliache). Nina kiduka huku mtaa wa Shari: kompyuta mbili, printa moja na jenereta inayopiga kelele kuliko wateja. Natoa fotokopi, naandikia watu barua, napiga picha za paspoti.

Ila kazi inayonilisha ni matangazo ya vifo. Mtu akifariki, familia inaniletea picha yake. Naondoa mandhari ya nyuma, naweka mawingu, jina, ratiba ya mazishi na orodha ya watoto aliowaacha. Mkoa wetu mnausikia kwenye habari, sina haja ya kueleza. Kazi haikosekani.

Nimeifanya miaka tisa. Ikafika mahali nikisalimiana na mtu barabarani nafikiria picha yake nitaikata wapi.

Nilikuwa nalala nimechoka na kuamka nimechoka. Si ule uchovu wa kubeba mizigo. Ni ule wa kuangalia chakula dakika kumi kabla hujakumbuka kukila.

Kuna mdau aliwahi kuweka picha humu, za samaki mkubwa mwenye madoa huko kisiwani Mafia, na mtu anaogelea pembeni yake. Niliiangalia ile picha nikiwa natengeneza tangazo la mama mmoja wa watoto sita. Nikasema mimi nitaenda pale. Nikajinyima karibu miaka miwili.

Sasa shida ikaja kwenye kuaga.

Kwetu mtu hasafiri peke yake hivi hivi. Safari ina majina yake: biashara, masomo, harusi, msiba, ugonjwa. Ukisema unaenda kutembea tu, watu wataelewa moja kati ya mawili, umeiba au unakimbia. Na kusema "nimechoka" ndiyo kabisa huwezi. Nani hajachoka Bunia? Watu wamekimbia vita mara tatu na wanafungua meza zao sokoni asubuhi. Wewe wa kompyuta umechoka nini?

Basi nikamwambia dada yangu mkubwa, Yaya Jeanne (yaya kwetu ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, si mlezi wa watoto), kwamba naenda Kampala daktari aniangalie mgongo. Tuelewane, mgongo unaniuma kweli, nakaa kwenye stuli ya plastiki siku nzima. Kwa hiyo nikajipa moyo kwamba nimedanganya nusu tu.

Nikamwambia pia nitakuwa nazima simu kwa ajili ya vipimo. Hapo nilidanganya nzima.

Nikavuka Ziwa Albert kwa boti, nikalala Kampala, nikapanda basi la Nairobi, kisha Mombasa. Njia nzima nilikuwa nageuka nyuma kama mtu aliyesahau kufunga mlango.

Mombasa sina cha kuwasimulia. Nililala siku mbili. Mhudumu wa gesti aligonga kuuliza kama bado nipo hai.

Nikashuka Tanga. Mji wa baiskeli, hauna haraka na mtu. Nilitembea barabara zake asubuhi na jioni, hakuna aliyenijua, hakuna aliyenipa picha. Siku ya tatu niligundua nimekula sahani nzima ya wali na samaki bila kujilazimisha.

Pangani ndiko nilikopata mtihani. Mama mwenye gesti alinihoji kuliko maafisa wa mpakani.

"Umekuja kikazi?"

"Hapana, mama."

"Una ndugu huku?"

"Sina."

"Basi umeachika, baba. Pole. Kula."

Nikaona kumbe si Bunia peke yake. Nikapokea pole ya ndoa nisiyokuwa nayo, nikala.

Kutoka Pangani unapelekwa kwa boti mpaka Maziwe, fungu la mchanga katikati ya bahari, limezungukwa na matumbawe. Hapo ndipo nilipovaa kwa mara ya kwanza miwani ya kuzamia na ule mrija wa kupumulia wanaouita snokeli. Niwaambie ukweli, mimi nimezaliwa milimani. Maji ya chumvi niliyoyanywa siku ile yangetosha kupikia harusi.

Kijana wa boti alinishika mkono muda wote, mtu mzima mimi. Lakini nilipotulia nikamwona kasa anakula majani chini pale. Anang'ata, anatafuna, anapanda juu kuvuta hewa, anarudi. Sikumbuki mara ya mwisho kuangalia kiumbe kikiendelea tu na maisha yake.

Nikaenda Dar, nikapita, nikapanda boti ya Mafia.

Pale Kilindoni nilimpata nahodha mmoja, Shabani, mtu wa maneno machache. Aliniuliza, "Mkongo, unajua kuogelea?" Nikamjibu kidogo. Akasema bahari haijui 'kidogo', akanivalisha jaketi la kuelea. Masharti yake: usimguse papa, usimpite mbele, usipige kelele.

Tulizunguka kama saa mbili. Nikaanza kuona nimepoteza safari. Mara Shabani akazima injini na kuonyesha kivuli kwenye maji.

"Ingia sasa."

Wakuu, niliingia.

Mwanzo sikuona kitu ila maji ya kijani yenye vumbi. Halafu yale maji ya mbele yangu yakawa na madoa meupe, kama ukuta ambao mtu ameupaka rangi ya kijivu akaunyunyizia chokaa. Ukuta ukasogea. Ndipo nikajua naangalia samaki, na kwamba kichwa kimeshanipita na mkia bado haujafika.

Alikuwa mkubwa kuliko mitumbwi ya Kasenyi, kule kwetu Ziwa Albert. Mdomo wazi, anakula vijidudu vya majini ambavyo hata sivioni. Ana kijicho kidogo pembeni. Kilinipitia, kikaniona au hakikuniona, sijui. Hakuwa na shida na mimi.

Nililia ndani ya miwani. Hakuna aliyeniambia kwamba ukilia ndani ya ile kitu maji hayana pa kwenda. Niliogelea pembeni yake labda dakika tano, sioni vizuri, na ndani kwangu kulikuwa kimya kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Nilikuwa na furaha. Naandika hilo neno polepole kwa sababu silitumii mara nyingi.

Nilirudi gesti na kaptula bado inadondosha maji. Nikawasha simu nimtazame tena yule samaki kwenye video aliyonipigia Shabani. WhatsApp sikuwa nimeifungua siku tano.

Sauti kumi na moja za Yaya Jeanne.

Kwa kifupi, kutoka kwa Yaya kwenda kwenye kikundi cha maombi cha mtaa, mgongo wangu ulikuwa umeshageuka moyo. Ulipomfikia Mama, nilikuwa nimepasuliwa kifua. Kwa sababu simu ilikuwa imezimwa, walijua niko chini ya dawa ya usingizi. Walikuwa wamefunga siku tatu bila kula. Watu ishirini na kitu, wengine wazee.

Na Mama alikuwa ameweka nadhiri ya Madame.

Hapa lazima nieleze. Madame ni ng'ombe. Sisi ni watu wa kijiji cha Bule, baba aliacha mifugo. Siku tuliyokimbia, Mama alishika kamba ya ng'ombe mmoja akatembea naye mpaka Bunia. Wengine hatukuwaona tena. Jina alipewa kwa madaha yake, hanywi maji ambayo mwenzake ameshatia mdomo. Anafugwa kwa binamu yetu nje kidogo ya mji, na Mama huenda kila asubuhi kumwangalia, hata mvua ikinyesha. Kila kilichobaki cha Bule, kwa Mama, kina miguu minne.

Sauti ya mwisho ya Yaya ilisema: "Mama ameahidi Mungu. Weye ukirudia muzima, Madame atachinjwa siku ya ibada ya shukrani, kanisa yote ikule. Pasta ameisha kutangaza."

Nikampigia Mama pale pale. Nilikuwa nimeamua kusema. Akapokea analia, akasema, "Usiongee sana mutoto yangu, munganga ya hospitali atakataza." Akakata.

Ndugu zangu, nilikaa kitandani na kaptula yenye maji mpaka godoro likalowa.

Safari ya kurudi sikuona kitu. Nilifika Bunia nimekonda na jua limenichoma, yaani nafanana kabisa na mgonjwa. Yaya aliponiona akapiga yowe la furaha. Mama alinifungua vifungo vya shati pale pale uani akapapasa kifua changu.

"Kovu iko wapi?"

Nikasema walitumia dawa tu. Ndiyo, nilidanganya tena, mikono yake ikiwa kifuani kwangu. Kama kuna sehemu ya uzi huu ya kunitukana, ni hapa.

Ibada ilikuwa Jumapili. Siku zote hizo watu wanakuja kunishika mkono, wanasema Mungu iko mukubwa. Alhamisi nikashindwa. Nikamfuata Mama asubuhi kwa binamu, nikamkuta anamtoa Madame kupe masikioni. Nikamwambia yote.

Alimalizia kung'oa kupe aliyekuwa amemshika. Kisha akauliza, "Sasa ulienda kufanya nini kule?"

"Kuangalia samaki, Mama."

"Ya kuuzisha?"

"Hapana."

"Ya kula?"

"Hapana. Kuangalia tu. Nilikuwa nachoka, Mama. Zile sura za watu zilinichokesha."

Nikampa simu. Aliitazama video yote mpaka mwisho, ameishika mbali na macho. Hakuuliza tena kuhusu samaki. Nikaona labda nimepona, nikasema haraka haraka, "Basi nitaongea na Pasta, Madame abakie. Sikuwa mugonjwa, ile nadhiri haiko na kazi."

Mama akanirudishia simu.

"Miye sikuambia Mungu 'akipasuliwa'. Niliambia Mungu 'akirudia'. Ulirudia?"

"Nilirudia."

"Basi Madame anaenda. Na weye mwenyewe njo utamupeleka."

Nilimsihi mpaka binamu akatoka nje kuangalia kuna nini. Nilimwambia nitamtafutia Mungu kitu kingine. Aliniangalia kama vile nimemtukana mgeni wake. Mbele ya watu alikuwa ameahidi, na ahadi haikuwa yangu.

Jumamosi nikamvuta Madame kwa kamba kutoka kwa binamu mpaka kanisani, katikati ya mji, pikipiki zinatupigia honi. Alisimama mara mbili kwenye madimbwi akakataa kunywa. Mama alitembea nyuma yetu. Ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizofanya mwaka huu, na nimeenda Mafia.

Jumapili nilisimama mbele nikasema ukweli. Nilisema sikuwa mgonjwa wa moyo, nilichoka, nikaona aibu kusema, nikadanganya. Kisha bibi mmoja wa kikundi cha maombi akasema kwa sauti:

"Siku tatu siye tunafunga, weye unaogelea!"

Wapo waliocheka. Wengi hawakucheka. Pasta aliomba, ibada ikaendelea, nyama ikagawiwa. Walinipa sahani. Niliikabidhi kwa aliyekaa pembeni.

Sasa ni miezi kadhaa. Yaya Jeanne ananijibu kwa mkato. Kazi imepungua kidogo, watu wengine wanapeleka picha zao kwingine, wanasema hawataki mwongo aandike majina ya marehemu wao. Nawaelewa. Mama asubuhi anaamka saa ile ile ya zamani, anavaa buti, halafu anakaa kwenye kiti uani kwa sababu hana pa kwenda.

Mtaniuliza kama najuta kwenda. Hapana, na hilo ndilo linaloniumiza. Zile dakika tano nilikuwa mzima, na ningeenda tena. Najuta kwamba nilikuwa na neno moja la kusema kabla ya kuondoka, dogo, la kweli, nikaona heri niseme ugonjwa.

Wiki iliyopita Mama alikuja dukani. Nilikuwa nimeinama kwenye kompyuta, naweka mawingu nyuma ya kijana mmoja. Sikujua amesimama mlangoni mpaka niliposikia sauti yake.

"Ukichoka, useme. Ng'ombe ingine siko naye."

Ndiyo hayo, wakuu. Wa kunisema nisemeni, nimezoea. Ila wale mnaosafiri peke yenu, naombeni mnijibu kwa ukweli: nyumbani huwa mnawaambia mnaenda wapi?