Jina la Mama Debora

Kuna ladha moja haijawahi kunitoka mdomoni: ya maji yaliyowekwa kwenye dumu lililokuwa la mafuta ya alizeti. Lisugue kwa majivu, lisuuze kwa maji ya moto, lianike juani wiki nzima, bado utakuta utelezi kwenye midomo na kaharufu ka mbegu zilizokaangwa. Juzi jirani alinikaribisha maji ya namna hiyo. Nilikunywa kidogo kwa adabu, na mchana wote sikuwa na raha.

Nilikulia Manyoni, kwenye nyumba ya bati karibu na stesheni, miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia biashara na kila mjanja akafungua duka. Baba alikuwa mjanja. Alianza na sabuni na mitumba, akafika hadi kununua mashine ya kukamua alizeti, ikawa inanguruma uani kutwa nzima. Alikuwa pia mzee wa kanisa, mtu wa benchi la mbele. Mkewe aliitwa Mama Debora. Debora ni mimi.

Mama Debora alinipenda, tusidanganyane. Nililala kitandani kwake, na kila robota la mitumba lilipofunguliwa, gauni la kwanza lilikuwa langu. Kazi za nyumbani zilikuwa za dada, msichana kutoka Issuna aliyekuwepo tangu nipate akili. Dada ndiye aliyeniogesha, akanisuka, akanitoa funza kwa sindano huku akikipuliza kidole nisilie. Wageni wakija, anasalimia kwa kupiga goti, anarudi jikoni. Sikuwahi kusikia mtu akimtaja kwa jina. Kwangu alikuwa dada, na kwa wengine alikuwa "yule msichana."

Halafu Mama Debora, ambaye watu walishamkatia tamaa, akashika mimba. Kanisa zima lilifurahi. Alizaliwa mtoto wa kiume, baba akamwita Isaka, na mchungaji akahubiri juu ya jina hilo mpaka jasho likamtoka. Alisimulia jinsi Sara alivyocheka uzeeni, jinsi Ibrahimu alivyongoja. Alipofika kwa Hajiri, yule mjakazi aliyemzalia Ibrahimu mtoto wa kwanza, alisema tu kwamba alikuwa na kiburi, akafunga Biblia.

Baada ya hapo watu wakaanza kumwita Mama Isaka. Mnajua ilivyo kwetu: mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, akazaa wengine hata kumi, jina ni lilelile mpaka kaburini. Sasa mimi nimekosa nini hata jina langu liondolewe kwake? Nilimuuliza jirani yetu. Aliangalia upande wa jikoni, kisha akaniambia niende kucheza.

Isaka alipoachishwa ziwa walichinja mbuzi. Siku chache baadaye nilimkuta Mama Isaka akiongea na baba pale kwenye mashine, kwa sauti ya juu ili asikike: "Huyu msichana aende kwao, yeye na mtoto wake."

Nikashangaa. Kumbe dada ana mtoto? Nilichungulia jikoni, stoo, mpaka nyuma ya choo, nikiwa na hamu kwelikweli ya kumwona huyo mtoto aliyefichwa.

Asubuhi baba alitusindikiza stendi. Alimkabidhi dada mkate mmoja na maji kwenye dumu lililokuwa la mafuta ya alizeti, akaniambia nakwenda kumsalimia mama yake dada, nitarudi. Alinishika kichwani huku akiangalia pembeni. Kwenye basi kondakta akauliza huyu mtoto ni wa nani, alipiwe nauli au apakatwe. "Wangu," dada akasema. "Nampakata." Nilidhani anamdanganya ili tulipe kidogo, nikamsifu moyoni.

Tulipofika Issuna, bibi mmoja, mama yake dada, alitoka kwenye nyumba ya tembe, akamtazama dada, akasema, "Mama Debora, karibu nyumbani." Niligeuka haraka, nikijua Mama Isaka ametufuata na gari jingine. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Dada alikuwa ameketi mavumbini, analia.

Bibi ndiye aliyenieleza, bila kuzunguka. Mama Isaka, enzi zile hana mtoto, alikuja mwenyewe Issuna kuchagua msichana wa kumzalia. Nilipozaliwa akanichukua, na jina akachukua. Alipopata wake, akaturudisha wote wawili.

Sikuamini. Kila basi la Manyoni lilipopita nilikimbilia barabarani, nina hakika baba atashuka. Mchana sikula ugali wa uwele, jioni sikula mlenda. Nilikuwa na uchungu ambao sikujua nimwekee nani, nikamwekea aliyekuwa karibu: nikaendelea kumwita dada. Hakunikemea.

Yeye ndiye aliyenisimulia Hajiri wote, tukipepeta alizeti. "Angalia vizuri," alisema. "Ibrahimu hamtaji jina. Sara hamtaji. Ni mjakazi, mjakazi. Wa kwanza kumwita Hajiri ni malaika, huko jangwani kwenye chemchemi."

"Na mtoto wake alimwita nani?" nikauliza.

Alipuliza makapi ungoni. "Haikuandikwa," akasema.

Wahubiri humhurumia sana Ibrahimu. Wanasema jambo lile la kumfukuza Hajiri na mwanawe lilimuuma. Mimi nawauliza: lilimuuma, halafu? Si aliamka asubuhi na mapema akafunga mkate?

Msimu mmoja wa mavuno, wafanyabiashara walipokuwa wakifuata alizeti vijijini, pickup ilisimama mbele ya tembe. Akashuka Mama Isaka, amenenepa, ananukia sabuni ya dukani kwetu. Baba alikuwa kwenye usukani. Hakushuka. Alitazama mbele, kana kwamba kuna barabara ya kuendesha pale uani.

"Debora, mwanangu," Mama Isaka akasema, akafungua mikono.

Miguu yangu ilitaka kwenda, siwafichi. Nilimkumbuka mpaka joto la kitanda chake. Lakini niliangalia kile kioo cha gari kilichofungwa, nikabaki pale pale. "Shikamoo," nikasema, maana adabu ni adabu. Kisha nikageukia nyuma ya nyumba, dada alikokuwa akipepeta, nikaita: "Mama, kuna mgeni."

Ungo ulinyamaza. Akatoka taratibu, makapi yamejaa kwenye nywele, akampita mgeni bila kumwangalia, akaja kusimama mbele yangu.

"Umesema nini?" akauliza.

Nikadhani hajasikia. Nikarudia kwa sauti zaidi: "Mama, kuna mgeni."

Akaitika, akaingia ndani kumletea mgeni maji, kutoka kwenye dumu lilelile tulilopewa stendi.

Siku ile nilijiona nimemkomoa Mama Isaka. Ilibidi nizae, na wanangu waanze kuniita, ndipo nielewe kilichotokea pale uani. Mama alikuwa amesikia vizuri mara ya kwanza.