Fundi Aliyeuliza Kwanza Kama Mashine Zitaelewana

Alhamisi asubuhi nilikuwa uani napepeta choroko, binti wa jirani akasimama mlangoni. "Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, ndiyo kusema za asubuhi, mama, kisha hakuingia uani. Nikajua kuna msiba. Yule mama fundi wa kompyuta wa kituo cha afya, akasema, presha imemchukua, atazikwa kwao Bukundi. Mnaonisoma siku zote mnajua sitaji watu hapa. Jina lake ninalo, la baba yake ninalo, hata majina ya maksai wa kulimia wa baba yake aliwahi kunitajia na sijayasahau, yabaki kwangu. Hakuwa ndugu, wala hatukuwa watu wa kutembeleana. Siku moja ndiyo iliyotukutanisha, miaka mitatu iliyopita, na siku hiyo mpaka leo ikinijia nabaki mdomo wazi.

Mjukuu wangu, msichana wa miaka tisa wakati huo, alianguka kutoka juu ya mkokoteni wa pamba, akaangukia shingo. Kituoni wakampiga picha. Daktari akaitazama, akasema anaona kama ufa kwenye mfupa wa shingo lakini hana hakika. Bingwa wa mifupa yuko Mwanza, na lazima aione picha kabla mtoto hajatikiswa barabarani. Kulikuwa na programu mpya ya kutuma mafaili ya wagonjwa kwa siri, imeletwa wiki ileile, haijawekwa bado kwenye mashine. Ndipo akaitwa fundi huyu. Akaja na karatasi mbili, akavuta kiti mbele ya seva, ile kompyuta inayotunza habari za kituo chote, akaanza kusoma kwa sauti, kalamu mkononi: mfumo wa mashine uwe toleo hili au jipya zaidi, kumbukumbu isipungue hapa, nafasi kwenye diski iwepo, namna ya kufunga siri iwe ileile pande zote mbili, hapa na Mwanza. Mstari wa kwanza hakuweka tiki, seva haikufikia. Wa pili hakuweka.

Mwanangu, baba wa mtoto, uvumilivu ukamwishia. "Dada, we weka tu, itajipa!"

"Ikijipa halafu ikakatika katikati ya picha, utafanyaje, kaka?"

"Basi tuma kwa simu kama watu wote."

"Simu itaibana picha, ufa mwembamba upotee. Na mwili wa mwanao ubaki kwenye simu za watu, kila mmoja achungulie? Hapana."

Nami nikaingia, na sikuingia kwa heshima. Nilimwambia, wagonjwa wote wa kwenye benchi wakisikia, kwamba amekuja kutusomea gazeti na mtoto anakufa. Akageuka taratibu. "Mayu, ulishawahi kufunga ndama na maksai mkongwe kwenye nira moja?"

"Mjinga gani afanye hivyo?"

"Na mimi siwezi. Hii seva ni mkongwe, programu ni ndama. Hawafiki mwisho wa shamba."

Mama mmoja kwenye benchi akacheka, nikamkata jicho. Nilikuwa nimemwelewa, na kumwelewa kukanizidishia hasira. Nikamwambia mwanangu, "Kalete gari. Tunampakia twende Mwanza." Akaleta pikapu, godoro likatandikwa nyuma.

Fundi hakubishana. Akaenda stoo ya dawa, akaipima kompyuta ya pale kwa karatasi ileile, mstari kwa mstari, ikapata tiki zote. Mtunza stoo akaikumbatia. "Hii siitoi! Orodha yangu ya dawa yote imo humu."

"Naikopi kwanza pembeni, uione kwa macho yako, ndipo niguse kitu."

Akafanya hivyo, akaiweka programu. Kisha akampigia mwenzake wa Mwanza, wakasomeana karatasi, huku na huku, mpaka mashine mbili zikakubaliana. Picha ikaondoka. Nikadhani amemaliza, kumbe bado. Programu ilitoa mstari mrefu wa herufi na namba, akaanza kuusoma kwenye simu, na yule wa Mwanza anausoma wake: saba, b, nne, nne, f. Ile alama, alinieleza, inatoka kwenye picha yenyewe. Picha ikiharibika hata punje, alama inabadilika. Zikalingana mpaka mwisho. Wasomaji wangu, shingo ya mjukuu wangu ilikuwa imefika Mwanza ikiwa chini ya kufuli njia nzima, hakuna aliyeiona, na haikupungua kitu.

Mtoto alikuwa ameshashikwa mabega na miguu, anyanyuliwe, daktari akatoka mbio na simu sikioni, bingwa yuko upande wa pili. "Msimwinue!" Ufa ulikuwepo, na mfupa umekaa vibaya. Avalishwe kola ya shingo, afungwe kwenye ubao, aje kwa gari la wagonjwa. Kwenye lile godoro, daktari alituambia baadaye, huenda angefika miguu haifanyi kazi. Amri ya kumpakia ilikuwa yangu. Leo mjukuu wangu anateka maji na kuyabeba kichwani.

Huku kwetu huwezi kuoa bila kuulizwa ukoo, wala kununua ng'ombe bila kumfungua mdomo umtazame meno. Lakini kikija kitu cha waya tunataka kibonyezwe tu kiende, na anayesema subiri tunamwona hajui kazi. Yeye aliijua kazi kiasi cha kutoona haya kuisoma kwa sauti mbele ya watu wanaomzomea.

Nilimpelekea kuku na michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, akashukuru, akanisimulia maksai wa baba yake, nikaona yameisha. Radhi sikumwomba. Bukundi, siku ya mazishi, nikasimama nikayasema yote, tusi langu na kazi yake. Mama yake fundi, mzee kunizidi, akaniuliza kwa Kisukuma, bila ukali, "Mbona hukumwambia yeye?" Nikaketi. Basi wewe unayesoma, kama kuna mtu ulimtukana kwa kukuchelewesha, ukaja kujua alikuwa anakuokolea mtu wako, mfuate leo. Mwambie mbele ya walewale waliokusikia ukimtukana. Kuku hasemi.