Tangazo Chini ya Picha ya Baba Furaha

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kutafutia kampuni wafanyakazi, kule Okolona, kusini mwa jiji la Louisville, Marekani, nilikabidhiwa kompyuta na kiti cha kuzunguka, nikajiona bosi. Meneja wa ajira akaniambia, "Weka tangazo mtandaoni, watu watakuja." Nikaliweka, refu, limejaa sifa za kampuni. Ghala la kampuni lilihitaji wapakiaji wengi, na hakuja hata mmoja. Wakati huohuo Warundi na Wakongo wenzangu walikuwa wamekaa nyumbani bila kazi, simu mkononi.

Nyinyi mnaoianza kazi hii leo, nisikilizeni. Watu wale hawakuwa wavivu. Hawakuwa wakifungua kurasa zetu, basi. Nikayahamishia matangazo kwenye gurupu la simu, na badala ya kuandika nikarekodi sauti kwa Kiswahili. Taja kwanza basi linalofika pale, kisha zamu, kisha mshahara. Sifa za kampuni waachie wenye kampuni. Kiungo, yaani yale maandishi ya buluu ya kubonyeza, kije mwisho, na useme kinafungua nini, maana wengi walishatapeliwa. Nafasi ikijaa, futa tangazo siku hiyohiyo. Mtu akipanda mabasi mawili kufuata kazi iliyokwisha, hatakuamini tena.

Baadaye, katika mji wa Columbus, nilitafuta walezi wa wazee. Mkuu wa tawi letu, pale mtaa wa Clintonville, alikuwa mama mkali, ila nikianza kurekodi alifunga mlango wake taratibu ili asinisumbue.

"Unawaambia nini hasa?" aliniuliza siku moja.

"Ukweli. Kwamba mgongo utauma."

Akacheka sana. Nilimpenda yule mama.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa mji wa Buffalo, kwenye kiwanda karibu na mtaa wa Riverside. Gurupu letu la kazi huko lilikuwa pia la harusi, la ubatizo na la misiba. Mtu akifariki, picha yake huwekwa pale, na hakuna anayeleta neno lingine mpaka azikwe. Hakuna aliyetupangia sheria hiyo. Ndivyo tulivyo.

Baba Furaha, Mkongo mpole aliyeendesha mashine ya kufunga katoni, alifariki Jumanne kwa ugonjwa wa moyo. Kazi ile nilimtafutia mimi. Bado nalia, mkurugenzi wa kiwanda akanipigia.

"Mashine ya katoni haina mtu. Yule jamaa ameacha kuja. Weka tangazo."

"Hajaacha. Amefariki. Gurupu lina msiba."

"Pole sana," akasema. "Lakini gurupu ni la kazi, na Jumatatu mashine lazima ifanye kazi."

Nikakataa. Akaliandika mwenyewe, kwa Kiingereza, maana naye alikuwamo kwenye gurupu, likakaa chini ya picha ya marehemu. Nilikasirika. Kila mtu aliliona. Wengi mle walikuwa wakiitafuta kazi kama ile kwa udi na uvumba, lakini hakuna aliyejibu.

Kisha ikaingia sauti ya Mama Furaha, mjane wake, akiniita mimi kwa Kiswahili cha kwao Kongo kilichochanganyika na Kifaransa, kutoka matangani, watu wakiimba nyuma yake.

"Mama, bon, ile kazi ilikuwa ya bwana yangu. Donc musiipatie mutu mwingine. Batoto banapashwa kula. Mi nitakuya."

Niliirudia sauti ile, kwamba atakuja yeye mwenyewe kwa sababu watoto lazima wale, nikiwa nimekaa sakafuni jikoni. Nikampigia mkurugenzi kumwambia nafasi imepata mtu, na ni nani. Akakubali.

Jumamosi tulizika. Jumatatu nikampeleka Mama Furaha mwenyewe mpaka kwenye mashine, kichwani bado ana kitambaa cha matanga. Wenzake wa zamu walisimama wote, wakamwamkia mmoja mmoja.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza ni tangazo gani lilinipatia mtu mwaminifu kuliko wote, nami hubadilisha mazungumzo. Mama Furaha bado yuko kwenye mashine ile. Kila Jumapili baada ya ibada hunishika mikono yote miwili, akanishukuru mbele ya watu kwa kumpatia kazi, nami nakumbuka kwamba tangazo lile nilikataa kuliweka.