Mguu wa Deo, Kiungo Wetu

Siku yangu ya kwanza na timu nilivaa viatu vyeupe vya wodini. Kocha Mkuu wa wakati huo, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani akasema, "Sista, hapa hatugawi vidonge. Hapa unakimbia." Dakika ya kumi beki wetu wa kulia akaanguka, nami nikakimbia. Uwanja ulikuwa umeloa. Nikateleza, nikamfikia mgonjwa nikiwa nimekaa chini. Jukwaa zima likapiga makofi, na beki mwenyewe akacheka mpaka akainuka bila kuguswa. Kesho yake mjini walisema nimemponya.

Katibu wa timu ameniomba niandike machache kwa ajili ya vijana wanaolibeba begi la dawa baada yangu. Nitaandika, ila mniwie radhi, maana mzee akipewa kalamu haishiki kwa ufupi.

Kabla ya mpira nilikuwa muuguzi. Nilianzia zahanati moja upande wa Kate, chini ya Mganga Mfawidhi aliyekuwa mkali kwa jambo moja tu, daftari. Ukimfunga mtu kidonda bila kuandika, anakuita mbele ya wagonjwa. "Sista, kichwa chako si daftari. Andika." Nilimchukia mwaka mzima, kisha nikawa kama yeye. Kutoka hapo nikahamishiwa Mwimbi, na huko ndiko mikono yangu ilikozoea mifupa na misuli. Mkulima akipigwa teke na maksai, au akianguka na baiskeli yenye gunia la mahindi, hana haja ya maneno mengi. Anataka kujua kama atashika jembe wiki ijayo. Mchezaji naye hutaka kujua hivyo hivyo.

Nilipohamia Sumbawanga nikapelekwa kozi fupi ya tiba ya michezo, ndipo klabu ikaniomba niwasaidie. Mashabiki waliiita timu yetu Ulezi, kwa ajili ya jezi zake za kahawia. Nikawa mtabibu wa Ulezi hadi nilipostaafu, na karibu wote wakaniita Dokta, cheo ambacho sikuwahi kukisomea wala kukikataa.

Kwa mnaoanza, shikeni mambo matatu. Mkazo wa msuli ni ule unaomfanya mtu anyooshe mguu huku akipiga kelele, na baada ya dakika tano anakimbia. Kuteguka ni kwa kiungo, goti au kifundo. Kuchanika msuli ndiko kunakodanganya, kwa sababu nyuzi za ndani zimekatika, damu inavuja humo humo, na kwa nje huoni kitu. Siku mbili za mwanzo msuli uliochanika unataka baridi, bandeji ya kubana na kupumzishwa. Haukandwi wala haupewi joto. Watu wa pwani huko hutafuta barafu. Sisi mwezi wa sita tulifungulia bomba tu, maji yanatoka baridi kama barafu.

Sasa nije kwa Deo.

Alitoka Kirando, ziwani, katika familia ya wavuvi. Mwembamba, mguu wa kushoto, kiungo wa kati. Alikuwa akipiga pasi kama mtu anayekukabidhi kikombe cha chai kilichojaa, inakufikia na haijamwagika. Lakini msuli wa nyuma ya paja la kushoto ulikuwa adui yake. Acheze mechi tatu, akae nje mwezi na nusu. Arudi, acheze mbili, ashike paja. Katika misimu miwili mji mzima ulijua paja lile kuliko unavyojua sala ya jioni.

Pale kijiwe cha bodaboda karibu na stendi ubishi haukuisha. Nilipita kila asubuhi, na kila asubuhi walinisimamisha. Wa kwanza alikuwa Mzee Kasanda, fundi baiskeli, shabiki tangu timu haina viatu.

"Kiungo wa kukaa benchi na bandeji ni wa nini?" aliuliza. "Hata mimi najua kukalia benchi."

"Shikamoo mzee, lakini kwa heshima," alijibu kijana mmoja wa bodaboda waliyemwita Chuma, "bila Deo sisi ni butua butua tu. Akicheza, mshikaji, mpira unatulia."

"Akicheza lini?"

Kijiwe kizima kilicheka, na Chuma naye akacheka, kisha wote wakanigeukia. "Dokta, hebu sema. Ule mguu ni mguu au ni kioo?"

Nilikuwa najibu kwa utani na kupita. Moyoni niliumia, maana mguu ule ulikuwa chini ya mikono yangu, na mimi sikujua kwa nini hauponi.

Mzunguko wa kwanza wa ligi ulipoisha, Kocha Mkuu mpya alitaka Deo aachwe, nafasi yake asajiliwe mwingine. Sikumlaumu, kocha analipwa kwa watu wanaocheza. Lakini kwetu uongozi haukumwacha mchezaji bila kuwasikiliza kwanza mashabiki, kwa sababu mashabiki ndio waliowaweka wachezaji majumbani mwao. Klabu haikuwa na kambi. Mchezaji mgeni alipewa nyumba ya shabiki, akala na kulala humo kama mtoto wa nyumba, na kupewa mchezaji ilikuwa heshima ambayo watu waliigombea. Kwa hiyo mkutano uliitishwa, Jumamosi mchana, katika darasa la shule pale Malangali, hapa hapa mjini. Katibu aliniambia, "Sista, kocha ana yake na mashabiki wana yao. Wewe utasema mguu huu unapona au hauponi. Jibu moja. Ndilo tutakalolifuata."

Ijumaa nilikaa na daftari langu la majeruhi. Kila aliyeumia nilimwandika, siku gani, wapi, nini, na amerudi lini. Nikapitia ukurasa baada ya ukurasa wa Deo, nikitafuta neno la kumtetea. Nilichokiona kilinifanya nivue miwani, niifute, niivae tena. Deo akiumia ugenini, Mbeya au Mpanda, alirudi uwanjani baada ya wiki mbili au tatu. Akiumia nyumbani, wiki sita. Msuli ule ule, mtabibu yule yule, dawa ile ile.

Tofauti ilikuwa nini? Ugenini tulilala gesti moja, timu nzima, na siku mbili za mwanzo alikuwa mbele ya macho yangu. Nyumbani nilimfunga bandeji, nikampa maelekezo, akaondoka.

Jumamosi asubuhi nikaenda alikokuwa akiishi. Nyumba ilikuwa ya Mama Felista, mkulima wa mahindi na ulezi, mwenyekiti wa tawi la akina mama la Ulezi, yule aliyekuja uwanjani na sufuria na mwiko badala ya ngoma. Hakuna aliyempenda Deo mjini kama yeye. Nilimkuta anapepeta ulezi. Tukasalimiana, tukaulizana ya nyumbani na ya shambani, ndipo nikamuuliza, kama mazungumzo tu, Deo akiumia huwa anamfanyia nini.

"Kwani nimwache?" alisema, akashangaa swali lenyewe. "Na baridi hii ya kwetu? Akifika tu natoa hilo libandeji lako, samahani Dokta, nachemsha maji na chumvi, namkanda. Naubana msuli kwa dole gumba mpaka analia. Baba yake Felista nilimkanda hivyo, na watoto wangu wote. Usiku mmoja sikosi, mpaka wiki iishe."

Alisema kwa fahari. Nikaaga nikaondoka.

Nikamtafuta Deo, nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akainamisha kichwa. "Dokta, mama amepiga magoti chini anakukanda, jasho linamtoka. Utamwambiaje aache?"

Na kweli, utamwambiaje? Kwetu hapa mtu hajui kwamba kukanda kunadhuru. Mimi mwenyewe mama yangu alinikanda hivyo hivyo.

Njia nzima ya kwenda shuleni niliwaza. Nikinyamaza, Deo anarudi Kirando na jina la kioo, na akishaachwa kwa jina hilo hakuna timu itakayomtaka. Nikisema, namuaibisha mwanamke aliyempa kitanda na chakula misimu miwili, mbele ya watu anaowaongoza. Nilitamani Katibu aumwe tumbo mkutano uahirishwe.

Hakuumwa. Darasa lilijaa hadi madirishani. Mzee Kasanda alisema yake, Chuma akasema yake, na Mama Felista akasimama akasema kama Deo anaachwa basi na yeye waandike ameachwa. Akapigiwa makofi. Kisha Katibu akaita, "Sista."

Nikawasomea daftari. Ugenini, wiki hizi. Nyumbani, wiki hizi. Nikawaeleza damu inavyovuja ndani ya msuli, na joto linavyoiongeza, na dole gumba linavyozikata upya nyuzi zilizoanza kushikana. "Mguu unapona," nikasema. "Unazuiwa kupona. Nyumbani anakandwa."

Sikutaja jina. Ila kila mtu mle ndani alijua Deo analala wapi, na vichwa viligeuka taratibu, kimoja kimoja. Mama Felista alikuwa bado amesimama.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Nikamgeukia. "Ni mimi, mama. Nimemtibu misimu miwili. Bandeji nimempa yeye, maelekezo nimempa yeye, na sikuwahi kuja kwako kukueleza neno. Nilitibu paja nikasahau kwamba paja linakwenda nyumbani."

Kisha Mzee Kasanda akakohoa pale dawatini. "Dokta. Yule kipa anayekaa kwangu, jana si aliteguka kidole?"

"Ndiyo."

"Nimemkanda."

Mama mmoja nyuma akasema na yeye beki wake amemkanda Jumatano. Mwingine akainua mkono. Kumbe nyumba zote za Ulezi zilikuwa zinachemsha maji! Kicheko kilichotoka mle darasani kilisikika barabarani, na hata Kocha Mkuu, mtu asiyecheka ovyo, alijifunika uso kwa kofia yake. Tuliijaza kliniki yetu wenyewe, kisha tukawalaumu wagonjwa.

Mama Felista peke yake hakucheka. Alichukua khanga yake akatoka.

Deo akapewa mzunguko wa pili. Nami, kuanzia siku hiyo, nilikuwa nikimpeleka majeruhi hadi mlangoni na kuongea na mwenye nyumba kabla ya kunywa hata maji. Vijana, hili liandikeni juu ya kurasa zote. Deo hakugeuka chuma. Aliumia tena, lakini alirudi mapema, na alicheza mechi nyingi kuliko alizokaa nje. Mzee Kasanda siku hizi anadai yeye ndiye aliyemtetea, na kijiweni wanabishana kama Deo anafaa unahodha.

Mimi nimestaafu. Nalima kidogo, nakwenda uwanjani kwa miguu, nakaa jukwaani kama raia, na sikimbii tena kwa ajili ya mtu. Nina furaha, sitawaficha. Ila nikiulizwa lipi lilikuwa gumu katika kazi, sitaji damu wala mifupa.

Mama Felista hakunisalimia kwa mwezi mzima baada ya mkutano ule. Kisha Deo akaumia paja, mechi ya nyumbani. Nilimfunga, nikamsindikiza, nikabisha hodi. Alifungua, akatupisha. Nikamlaza Deo kitandani, mguu juu ya mto, nikaeleza yote polepole, siku mbili, baridi, bandeji isifunguliwe. Mama Felista alisikiliza akiwa kwenye kigoda kando ya kitanda. Mikono ile mikubwa ya jembe aliiweka mapajani, akaitoa, akaifunga kifuani, akairudisha. Haikuwa na pa kukaa. Machozi yakamlengalenga.

"Dokta," akasema, "sasa mimi nimfanyie nini?"

Nilisogeza kigoda kingine, nikakaa karibu yake. Akanyoosha mkono, akaushika unyayo wa Deo, mbali kabisa na paja, bila kuubana, akanitazama kama anaomba ruhusa. Nikaitikia kwa kichwa.