Kuni za Tanuri la Mkwaja

Mwaka ule vuli ilipokosa mvua na joto likatunyima usingizi, baba alinituma Mkwaja nikamlete dada yake, Bi Mwanaisha. Shangazi alikuwa mjane anayechoma chokaa, kazi aliyoirithi kwa marehemu mumewe. Habari zilizofika Tanga zilisema majirani wanamnunia: eti matanuri yake yamemaliza miti, na miti ilipokwisha mvua ikahama. Mimi nilikuwa upande wa majirani. Nilikuwa nimesoma kidogo, na kidogo hicho nilikitumia sana.

Alfajiri nilitoka Raskazone, nikapanda basi la Pangani. Njiani ni mkonge mtupu, safu kwa safu, hakuna kivuli cha kumtosha hata kuku. Sikuwahi kusikia mtu akiwanunia wenye mashamba hayo, na wazo hilo lilinikaa vibaya rohoni.

Pangani nilivuka mto kwa pantoni, nikapata lori lililobeba mbata za nazi. Lilituharibikia karibu na Ushongo, nikalala kwa mvuvi mmoja aliyenikaribisha kwa wali na changu wa kukaanga. Alilalamika kwamba mvua imewatupa na maji ya visima yamekuwa ya chumvi. Nikamuuliza nani anachoma chokaa pale. Akasema hakuna, tangu azaliwe.

Mkwaja nilifika adhuhuri. Shangazi, mwembamba, viganja vimepasuka kwa chokaa, alikuwa akipanga mawe ya matumbawe. Nikampa shikamoo. Alinilisha kwanza, ndipo akauliza nimetumwa nini. Nilipomwambia, alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

Ukuta wa msikiti ulikuwa unamomonyoka, ukihitaji chokaa. Kuni zilizobaki karibu zilikuwa kichaka kimoja tu, kile kinachozunguka kisima cha kijiji. Jioni wazee wa msikiti walikuja wakamwambia akikate. Ni walewale waliokuwa wakimlaumu. Nilitaka kuwajibu, shangazi akaniwahi kwa jicho.

"Mwasema mie nimefukuza mvua," aliwaambia. "Ushongo hawana tanuri, na mvua hawana. Hilo silikubali. Lakini kwamba miti haihusiki na mvua, hilo nalo sina ushahidi wake. Sijui. Na kwa kuwa sijui, kichaka hicho sikikati."

Wakamuuliza msikiti utapona kwa kuni zipi basi. Desturi ya pale, chokaa ya msikiti huchomwa kwa shirika: wanaume hubeba mawe, wanawake huteka maji. Shangazi akaongeza jambo moja, kila nyumba ilete kuni kutoka ndani mwake. Wazee waliondoka bila kuaga vizuri.

Siku ya kuchoma, asubuhi nzima hakuja mtu. Niliona aibu kwa niaba yake, nikamshauri tufunge mizigo. Aliingia ndani akaniita nimshikie upande mmoja wa samadari, kitanda alicholetewa siku ya harusi yake. Tulikitoa nje, akakivunja kwa shoka mwenyewe, akazipanga mbao zake chini ya mawe. Sijapata kumstahi mtu kama nilivyomstahi wakati ule.

Watu walikuwa wakitazama kutoka barazani. Kabla ya alasiri kilikuja kinu kilichopasuka, kisha milango iliyoliwa na mchwa, kisha magogo ya minazi iliyokufa. Mzee aliyemlaumu kuliko wote alileta ngalawa yake mbovu vipande vipande, akaviweka, akabaki kusaidia kuwasha. Moto ukawaka hadi mawe yakawa meupe, na kichaka cha kisima kikabaki kimesimama.

Nilirudi Tanga peke yangu. Joto lile lilitoka wapi, mpaka leo sijui, ila nimejifunza kusema hivyo bila kuona haya. Baba alikuwa akinisubiri mlangoni, akauliza dada yake yuko wapi.

"Yuko kwake," nikamwambia, "analala chini kwenye mkeka, na haji."

Nikamweleza kisa chote. Alivaa kofia yake, akaniambia twende kwa seremala. Na tulipofika, kabla hajauliza bei ya kitanda, aliuliza mbao zimekatwa wapi.