Siku Niliyomwinamia Mama Mkwe Ulingoni

Hii huwa sipendi kuisimulia, na mke wangu akiwepo ndiyo kabisa, ila kwa kuwa nyie mshasikia nusu yake vijiweni, bora muipate yote kwangu mwenyewe: mimi, mwalimu mzima, mwamuzi wa ngumi mwenye cheti, niliwahi kutoa uamuzi wa kitu ambacho sikukiona.

Kosa lilianza kwa kumkaribisha mama mkwe. Alikuja kutoka Nandagala kumwona mjukuu, akauliza hizo ngumi ninazoamua zikoje, nami kwa kutaka sifa nikamwekea kiti cha mbele kabisa kwenye ukumbi pale Nachingwea (kiti chenye mto, jamani!). Pambano lilikuwa la Bakari, kijana wa hapo hapo mjini, na Masanja, mtoto wa wafugaji waliohamia Chinongwe, na ukumbi mzima ulikuwa wa Bakari, isipokuwa baba yake Masanja na fimbo yake ya kuchungia. Masanja alikuwa hajapigwa hata mara moja, na akitoka salama hapo ana nafasi ya kupigana Dar.

Raundi ya tatu ndiyo mama mkwe anaingia, kachelewa, anapita ubavuni mwa ulingo. Mnajua tulivyolelewa, mkwe humkodolei macho, unainama na kugeuza uso, basi mwili ukafanya wenyewe kabla akili haijafika. Nikasikia ko! Kugeuka, nyusi ya Masanja imepasuka, damu inamwingia jichoni.

"Ngumi hiyo! Ngumi!" ukumbi ukalipuka.

"Kichwa, mwalimu," Masanja akaniambia taratibu. "Tumegongana."

Daktari akaangalia lile jicho, akasema haendelei. Hapo kila kitu kikabaki kwangu: nikisema vichwa vimegongana kwa bahati mbaya, na raundi nne hazijaisha, hakuna mshindi, nikisema ngumi, Masanja kapigwa. Nikawatazama wale watu, wengine wameshapanda juu ya viti, nikajiona ninavyofukuzwa na tai yangu ya kipepeo mpaka stendi. Niliogopa, sifichi. Nikaonyesha ngumi, nikaunyanyua mkono wa Bakari (naye hata hakushangilia, alikuwa anajipapasa paji la uso).

Sasa mama mkwe, ambaye miaka yote akitaka kuniambia jambo humtuma binti yake, akasimama.

"Mkwe wangu, umeona saa ngapi? Si ulikuwa umeniinamia mie? Vile vichwa, mie nimeona!"

Walicheka, wallahi walicheka mpaka nikatamani ardhi ipasuke, halafu wakaanza kuzomea. Msimamizi wa pambano akaniita mezani.

"Mwalimu, uliona au hukuona?"

"Sikuona," nikasema, na kipaza sauti kilikuwa kimewashwa, kwa hiyo spika zote zikaitangaza hiyo sikuona yangu. Majaji wakaulizwa, wawili kati ya watatu wakasema vichwa, matokeo yakafutwa. Chupa za maji zikaanza kuruka. Nilitolewa mlango wa nyuma nimejibanza mgongoni kwa mama mkwe, yeye ndiye anasukuma watu, mimi nasoma kila dua ninayoijua.

Nje tukamkuta Masanja amekaa kwenye tofali, jicho limefungwa bandeji, baba yake kasimama pembeni na ile fimbo. Nikajua leo nimekwisha. Mzee hakuinua kitu. Masanja ndiye aliyeinua uso.

"Mwalimu, huyu mama asingesimama, ungesema?"

Nikainama na kugeuza uso, kama vile yeye ndiye mkwe. Mama mkwe naye alikuwa ananisubiri nijibu.

Cheti nilikirudisha wiki ile ile, na ulingoni sipandi tena, hata mniite kwa ngoma. Jibu nililijua pale pale, jamani, na yule kijana aliliona.