Mfuniko Pembeni mwa Jiko

Mdomo wangu hauna breki, na mtaa mzima unajua. Kwa hiyo mkamwana wangu alipoacha kazi ya kuvuta kamba za vipimo kwenye kampuni ya upimaji wa ardhi, akajifungia chumba cha nyuma na nyaya zake, sikunyamaza.

"Mke wa mwanangu anachezea vidude," nilimwambia kila aliyepita. "Wenzake wanapima kwa mashine ya bei ya gari. Yeye kanunua viwili vya bei ya pasi, kavitia kwenye makopo ya maziwa, eti vitamwambia alipo mpaka upana wa kidole!"

Watu walicheka, na yeye alicheka nao. Hana makuu, yule. Wakambandika jina, Mama Sentimita.

Siku moja karani wa ofisi ya maji akaja na simu mkononi, akazunguka jiko langu, akapaka alama nyekundu ukutani. Eti limeingia mita mbili kwenye njia ya bomba, libomolewe. Jamani! Jiko hilo nimelijenga tofali moja moja, na ndimo ninamopikia wateja wangu. Likivunjwa, mimi nimekwisha. Nilikaa chini nikalia bila haya.

"Mama, simu inaweza kukosea hata mita tano," mkamwana akasema. "Tukipeleka vipimo vya maana kabla ya Ijumaa jioni, itabidi wamtume mpimaji wao. Tusipopeleka, wanavunja."

Jumatano asubuhi akaweka kopo moja juu ya jiwe la upimaji kwenye uwanja wa shule, ambalo mahali pake panajulikana kwa vipimo kamili. La pili akaliweka juu ya nguzo pembeni mwa jiko. Yote mawili yanasikiliza setilaiti zilezile, na yanadanganywa kwa namna ileile. Ukijua la shuleni limedanganywa kiasi gani, unalisahihisha la jikoni. Hata mimi nilielewa. Chini ya kopo la hapa nyumbani, lenye antena kichwani, akalaza mfuniko wa sufuria yangu kubwa, uzuie mawimbi yanayodunda kutoka chini.

"Saa mbili tu, Mama. Asiguse mtu." Akaenda kulinda lile la shuleni.

Saa moja haijaisha, maharage yangu yakaanza kukaukiwa maji. Nikaona, aah, dakika chache zina nini? Nikainua kopo, nikachukua mfuniko, nikafunika sufuria. Yalipoiva nikarudisha kila kitu palepale. Haya, karibu na palepale.

Alasiri yote mkamwana alikaa mbele ya kompyuta. Namba zilikuwa zinaruka shubiri huku, shubiri kule. Akarudia hesabu mara tatu. Mwisho akaanza kuviringisha nyaya, macho mekundu.

"Nimejidanganya, Mama. Hivi vidude si kitu. Nitaomba wanirudishe kwenye kamba."

Ningenyamaza angebeba kosa langu maisha yake yote, na jiko lingeanguka vilevile. Nikajikaza.

"Mwenzangu, ni mimi. Nilichukua mfuniko. Maharage yalikuwa yanaungua."

Akanitazama. Nikasubiri maneno makali, maana ni haki yangu. Akaangua kicheko mpaka akashika mbavu.

"Kumbe vidude vimesema kweli!" akasema. "Vimekuona ukiiba mfuniko!"

Kesho yake sikupika. Nilikaa kwenye kigoda karibu na ile nguzo, fagio mkononi, nikifukuza kuku na wateja pamoja. Namba zikatulia kimya, jiko liko nje ya njia kwa sentimita thelathini na moja. Ijumaa asubuhi tukapeleka karatasi.

Jumatatu mpimaji wa ofisi akaja na mashine yake ya miguu mitatu. Akapima, akasoma, akapima tena.

"Thelathini na mbili," akasema. "Jiko halivunjwi." Kisha akasogea kuangalia lile kopo juu ya mfuniko wenye masizi. "Hii kazi ya nani?"

"Ya mwanangu," nikasema.

Jirani yangu, aliyezoea porojo zangu, akadakia, "Mke wa mwanao, unataka kusema."

"Wee, masikio unayo. Nimesema mwanangu."

Mkamwana aligeuka upande, akajifanya anafungua waya. Mfuniko sijaudai mpaka leo. Sufuria naifunika kwa sinia.